Kabla ya kuuliza pistole gani, tazama ukuta wa nyumba yako

Mnunuzi mmoja wa kakao hapa Beni aliniandikia usiku kwenye WhatsApp: «Mukubwa, pistole gani iko muzuri, ya kuficha ku mwili muchana na ya kulinda nyumba usiku? Moja tu, sina feza ya kununua mbili.»

Namfahamu tangu akiuza mafuta kwa chupa pembeni ya barabara ya Oicha. Si mtu wa fujo. Ni baba wa watoto wanne, anaimba kwaya, na tangu bei ya kakao ipande anatembea na pesa nyingi kuliko alivyowahi kuota. Mwezi uliopita pikipiki ileile ilimfuata mara mbili toka depo hadi karibu na kwake. Jirani yake wa avenue ya pili alivamiwa na watu wanne wenye silaha. Walichukua pesa na simu, na bibi yake wakampiga kwa kitako cha bunduki. Msaada ulifika asubuhi, kulipokuwa kumekucha na watu wamekwisha kufagia vioo.

Basi swali lake si la mchezo. Sitaki kulijibu kama wanavyolijibu watu walio mbali, wenye mlinzi mlangoni, wanaotuambia kwamba silaha ni mbaya na amani ni nzuri, kana kwamba sisi hatujui. Nalijibu hapa hadharani kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza. Wabadilisha pesa wa Butembo wanaliuliza, na wenye maduka ya simu, na watu wanaosafirisha bidhaa toka Kasindi. Wengine hawaulizi tena, wamekwisha nunua.

Nianze na pistole yenyewe, au bastola kama wanavyoiita wenzetu wa Tanzania, maana ndiyo aliyoiuliza. Anataka moja ifanye kazi mbili, na kazi hizo mbili hazipendani. Ya kuficha chini ya shati inapaswa kuwa fupi, nyembamba na nyepesi. Lakini bunduki fupi na nyepesi inaruka zaidi mkononi, inabeba risasi chache, na kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa hatua kumi mbele. Ya kulinda nyumba ingefaa iwe nzito kidogo, ndefu kidogo, itulie. Ukiileta hiyo barabarani, shati inaitangaza kabla hujafika sokoni.

Wauzaji wa Marekani wana jibu la katikati, na ukitafuta kwenye intaneti utalikuta haraka: Glock 19, ya Austria, iliyotoka mwaka 1988. Uzito wake ni kama gramu 600 bila risasi, na magazini yake inabeba 15. Sina ubishi na jibu hilo, kwa huko. Yule wa huko ananunua dukani kwa risiti. Ana uwanja wa kujifunzia kupiga kila Jumamosi, ana sanduku la chuma la kuifungia, ana nambari ya polisi ambayo akiipiga gari linatoka. Ondoa hivyo vyote, ulete pistole peke yake Beni, imefungwa ndani ya kitambaa. Umeleta chuma tu.

Na hata huko chuma hicho hakifanyi kazi kama kwenye filamu. Polisi wa jiji la New York waliwahi kuhesabiwa risasi zao. Kati ya 1998 na 2006, walipokuwa wakirushiana risasi na mtu, ni kama 18 tu kati ya kila 100 zilizompata waliyemlenga. Hao ni watu waliofundishwa, wanaolipwa, walio macho, wanaorudi kwenye mazoezi kila mwaka. Wewe utakuwa umeamshwa saa saba za usiku, bila taa, mtoto analia, moyo unapiga kama ngoma, na mlango unavunjwa.

Hapo ndipo nilipomwuliza ukuta wa nyumba yake ni wa nini. Alijibu: mbao, na manjanja juu. Kama nyumba nyingi za Beni na Butembo. Chumba cha watoto kiko upande wa pili wa ubao mmoja. Baada ya chumba cha watoto kuna uchochoro wa hatua tatu, kisha ubao wa jirani, na nyuma ya ubao huo analala mama mjane na wajukuu wake. Risasi ya milimita 9 inapita ubao wa namna hiyo na kuendelea na safari. Sasa turudi New York tuhesabu tena: kama 18 zimempata mtu, zile 82 zimekwenda wapi? Katika jiji la saruji zinaweza kukwama ukutani. Kwa rafiki yangu zinakwenda kwa watoto wake, au kwa wajukuu wa mjane.

Tena kuna saa zote zile ambazo hakuna mwizi. Pistole inayolinda nyumba lazima iwe karibu na mkono, na ikiwa karibu na mkono wako, iko karibu na mkono wa mtoto wa miaka sita anayetafuta simu chini ya mto ili acheze. Ukiifungia vizuri kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo utautafuta wapi mlango unapovunjwa? Watu wa Marekani wamebishana juu ya hilo miaka mingi. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 1993, ambao mpaka leo wapenda silaha hawaupendi, ulikuta kwamba mtu kuuawa ndani ya nyumba yake kulikuwa kwingi karibu mara tatu pale penye bunduki kuliko pasipo nayo. Wanaoupinga wanasema labda walionunua ndio waliokuwa tayari hatarini. Inawezekana, na rafiki yangu naye yuko hatarini, ndiyo maana ananunua. Lakini wengi waliouawa katika hesabu ile waliuawa na watu waliowafahamu: wa ndugu, wa kitanda kimoja, wa ugomvi wa Jumapili jioni baada ya chupa kadhaa. Mwizi wa usiku hakuwa wa kwanza katika orodha.

Sasa tuseme ukuta ni wa matofali na watoto wako kwa bibi yao Lubero. Ni nani hasa anayekuja?

Majambazi wa mjini kwetu hawaji mmoja mmoja na kisu. Wanakuja watatu, wanne, sita, na angalau mmoja ana AK-47. Wamekwisha kupeleleza. Wanajua umeuza kakao siku gani, wanajua mbwa wako anapenda nini. Mtu wa namna hiyo akijua una pistole, haogopi kuja. Anabadilisha namna ya kuja: anaanza kupiga kabla ya kuuliza. Na atajua tu. Beni hakuna siri ya silaha. Aliyekuuzia anajua, aliyemletea aliyekuuzia anajua, kijana aliyekuona ukirekebisha mkanda anajua. Pistole yenyewe ni mali, labda kuliko kakao ya wiki nzima. Utakuwa umeongeza kitu kimoja juu ya orodha ya vitu wanavyovifuata kwako.

Halafu kuna wale wengine, ambao nikisema «wale wengine» hakuna msomaji wa Beni anayehitaji maelezo. Tangu Oktoba 2014 tunazika. Ngadi, Oicha, Mbau, Eringeti, Mayangose, Rwangoma mwezi wa nane 2016, Mukondi mwezi wa tatu 2023, orodha ni ndefu kuliko ukurasa huu. Najua ni usiku wa majina hayo unaomfanya mtu atamani kitu chochote cha kushika mkononi, na sitamcheka kwa hilo. Lakini tuangalie yaliyotokea palipokuwa na silaha za kweli. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye kambi ya MONUSCO huko Semuliki, wanajeshi 15 wa Tanzania waliuawa na ADF, watu wenye magari ya chuma na bunduki nzito. Tarehe 20 Oktoba 2020 gereza la Kangbayi, hapa mjini, lenye walinzi wenye silaha, lilivunjwa na wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoka. Siku ya Noeli 2021, kwenye mgahawa wa Inbox, mtu alijilipua katikati ya familia zilizokuwa mezani. Nani pale Inbox angeokolewa na pistole iliyofichwa kiunoni?

Kilichookoa watu mara nyingi, na hili tunalijua wote hata kama halina sifa, ni dakika. Aliyesikia mapema alitoka mapema. Mwenye pistole ana kishawishi cha kubaki.

Nije kwenye kazi ya pili aliyoitaka, ya kuibeba mwilini. Hapa ndipo ninapomwogopea zaidi, kuliko hata usiku. Toka Beni hadi Butembo ni kilomita 54 hivi. Hesabu mwenyewe vizuizi unavyokutana navyo, na watu wa kila aina wanaovisimamia: askari, polisi, wazalendo, na siku nyingine vijana ambao hujui ni wa nani. Mmoja wao anakuambia ushuke kwenye pikipiki, uinue mikono, anakupapasa. Anakuta chuma chini ya shati. Katika sekunde ile wewe si mnunuzi wa kakao tena. Wewe ni ADF aliyevaa vizuri, au mpelelezi wa M23, au jambazi anayetafutwa tangu Jumanne. Kufichwa kwake, kule kulikokuvutia, ndiko kunakokushitaki. Watu wamepigwa mawe au kuchomwa moto na umati katika miji yetu kwa kushukiwa kwa mambo madogo kuliko hayo: kwa kutosema Kinande, kwa kubeba mfuko ambao hawakuweza kueleza umetoka wapi.

Na ukifika salama mikononi mwa sheria, sheria haikupokei kwa upole. Silaha kwa raia zinapangwa bado na amri-sheria nambari 85-035 ya 3 Septemba 1985, ya enzi za Mobutu: hakuna raia wa kuwa na silaha ya moto bila ruhusa ya serikali. Iliyonunuliwa kwa kitambaa gizani haina ruhusa, na haitaipata baadaye kwa kuomba radhi. Sheria za kijeshi za 18 Novemba 2002 zinaruhusu raia ahukumiwe na mahakama ya kijeshi pale kosa lake linapohusu silaha za vita. Kisha ikaja état de siège, tarehe 6 Mei 2021, ikapeleka kesi za jinai za raia mbele ya majaji wenye magwanda. Atakayemtetea rafiki yangu ataeleza juu ya jirani aliyepigwa na pikipiki iliyomfuata. Jaji atauliza: risasi umezitoa wapi?

Swali hilo la jaji ni zuri, na tungejiuliza wenyewe. Risasi hazilimwi Mbau pamoja na kakao. Kila risasi inayouzwa kwa siri mjini imetoka kwenye ghala fulani, kwa mtu fulani aliyepewa ailinde, au imevuka mpaka. Yule anayekuuzia wewe kumi leo ana wateja wengine, na huwezi kumchagulia wateja.

Sasa nimsikilize anayenipinga, maana yuko na ana haki. Ataniambia: wewe mwandishi, tajiri wa Butembo ana polisi wawili kwenye lango lake usiku kucha. Mbunge akija likizo ana walinzi. Rais mwenyewe, katika hotuba ya 3 Novemba 2022, aliwaambia vijana wajipange katika makundi ya ulinzi. Wazalendo wanapita mbele yetu na bunduki mabegani na hakuna anayewauliza ruhusa ya 1985. Ni mimi tu, baba wa watoto wanne, ambaye sheria inamkumbuka?

Sina jibu la kumridhisha. Ni kweli kwamba serikali imefumba jicho moja kwa wengine na kutufumbulia sisi yote mawili. Kifungu cha 190 cha Katiba kinakataza mtu kuunda kundi la silaha au kuwa na vijana wenye silaha, na adhabu yake kinaiita uhaini mkubwa. Kisome, halafu simama saa moja kwenye barabara kuu uhesabu. Lakini matokeo ya kufumba jicho tunayaona kila wiki: bunduki iliyotolewa kwa ajili ya adui inasimamisha pikipiki ya muuza ndizi saa kumi na mbili jioni. Kuongeza yangu juu ya hizo hakupunguzi hata moja.

Na hata mlinzi wa kukodi ni bunduki ndani ya nyumba, tofauti ni kwamba mkono ni wa mwingine. Tarehe 2 Mei 2023 waziri mdogo wa Uganda, Charles Engola, kanali mstaafu, alipigwa risasi na kufa nyumbani kwake Kampala. Aliyempiga ni askari aliyepewa kazi ya kumlinda.

Kama serikali inataka raia wengine wawe na pistole, basi iseme wazi ni nani, kwa masharti gani, na sheria iwe moja kwa tajiri na kwa muuza mafuta. Kenya wana bodi ya leseni za silaha, na mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye bunduki aende akachunguzwe upya, na wasiofaa wanyang'anywe. Haikuwafanya malaika. Januari 2020 DJ mmoja alipigwa risasi shingoni ndani ya klabu ya usiku Nairobi, na pistole iliyohusika ilikuwa na leseni. Lakini angalau siku iliyofuata ilijulikana ni ya nani. Kwetu, maganda ya risasi yaliyookotwa asubuhi kwenye avenue hayana baba. Beni sasa ni makao ya muda ya jimbo tangu Goma ianguke Januari 2025. Wakubwa wanalala karibu nasi, wanasikia milio ileile tunayoisikia. Kuandikisha silaha zote za mjini, zikiwemo za wanaowalinda wao na za wazalendo, ni kazi wanayoweza kuianza bila kungoja vita viishe. Ningependa shirika la raia liwadai hilo kwa sauti ileile linayodai maandamano.

Nilimwambia rafiki yangu, basi, kwamba mimi nisingenunua. Nilimwambia pia ningefanya nini, kwa sababu ukimnyima mtu fimbo lazima umwonyeshe njia. Pesa ya kakao isilale nyumbani hata usiku mmoja, na kila mtu kwenye depo ajue kwamba hailali. Hiyo peke yake inaondoa sababu kubwa ya ugeni. Malipo makubwa yapite kwa simu au benki, hata kama wanakata asilimia yao na inauma. Asirudi kwa njia moja, wala kwa saa moja. Namba ya pikipiki ile iandikwe, ipelekwe kwa mkuu wa avenue na nakala ibaki kwa watu wawili. Mlango wa mbao uwekewe gogo la kuzuia kwa ndani, maana anachohitaji ni dakika tatu, si ushindi. Filimbi iwe moja kwa kila chumba.

Alicheka juu ya filimbi. Wengi wanacheka. Lakini anayekumbuka usiku ambao sufuria zilipigwa toka nyumba hadi nyumba, mpaka mtaa mzima ukawa macho, anajua kwamba wezi wanapenda kimya kuliko wanavyopenda pesa. Kelele za nyumba mia haziibiwi, haziuzwi kwa adui, na zikipita ubao hazimuui mjukuu wa mjane. Udhaifu wake mmoja ninaujua: zinahitaji jirani wanaoaminiana, na miaka hii imetufanya tuogope jirani pia. Kuna avenue ambapo mtu akipiga filimbi, wengine wanafunga taa. Hapo sina ufundi wa kufundisha. Hapo ni kwenda kumsalimia mjane kabla ya usiku kuingia, umwambie watoto wako wanalala upande gani.

Hakunijibu siku tatu. Nilifikiri amekasirika. Jumapili baada ya misa akanitumia picha: mafundi wawili wanajenga ukuta wa matofali ndani ya chumba cha watoto, toka chini mpaka usawa wa kiuno, nyuma ya mbao zilezile za zamani. Chini aliandika: «Tumeanzia hapa, saruji imekwisha.» Juu ya pistole hakusema kitu, nami sikumwuliza.